Mihuri ya wakili imekataliwa Muscat: karatasi za mirathi zianzie wapi?

Swali: Assalamu alaykum wakili. Naandika kutoka Ujiji. Baba yetu alifanya kazi Muscat, Oman, zaidi ya miaka ishirini. Amefariki mwaka jana na amezikwa huko huko. Ameacha kiinua mgongo kwa mwajiri wake na fedha kidogo benki. Tulifungua mirathi Mahakama ya Mwanzo na mimi ndiye msimamizi. Binamu yetu aliyeko Muscat aliniambia nitume hati ya usimamizi, vyeti vya kuzaliwa vya sisi watoto wanne na cheti cha ndoa cha mama, vyote viwe vimethibitishwa. Nikaenda kwa wakili akanigongea muhuri kila karatasi, nikatuma. Zimerudi, wanasema hazitambuliki. Vyeti vyetu watatu ni vile vya zamani vya kuandikwa kwa mkono, changu nilikipiga laminesheni kisichakae, na cha mdogo wetu wa mwisho kilitolewa Unguja alikozaliwa. Sasa kuna kijana wa Dar es Salaam anasema atanipatia apostili ndani ya siku tatu kwa shilingi laki nne na nusu, nimtumie hati zenyewe kwa basi. Nimtumie?

Jibu: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Poleni sana kwa kufiwa na mzee, na poleni kwa uchungu wa kuzikiwa mtu mbali bila kumtia mkono wa udongo. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloweza kukuumiza leo hii. Usimtumie huyo kijana kitu, si hela wala hati. Anachokuuzia hakipo. Apostili ni cheti kimoja cha njia ya mkato kinachotokana na mkataba uliofungwa The Hague tarehe 5 Oktoba 1961. Nchi zilizomo kwenye mkataba huo zimekubaliana kwamba hati ya serikali ya mwenzao ikishabandikwa cheti hicho, haina haja tena ya kupitishwa ubalozini. Lakini lazima nchi zote mbili ziwemo, inayotoa hati na inayoipokea. Oman imo tangu 2012. Tanzania haimo. Kwa hiyo hakuna ofisi Dar es Salaam, Dodoma wala popote nchini yenye mamlaka ya kutoa apostili, iwe kwa siku tatu au kwa miezi mitatu. Akikuletea karatasi yenye jina hilo, basi ama ameichapa mwenyewe, ama ni muhuri wa kawaida wa Wizara ambao ungeupata bila yeye, akaupa jina kubwa ili bei ipande.

Neno hili najua limeingiaje kwetu Kigoma. Burundi imo kwenye mkataba tangu 2015, Rwanda ikaingia 2024, na watu wa Manyovu na Kibondo wana ndugu upande wa pili wa mpaka wanaolitaja kila wanapoandaa safari. Kwao ni kweli kabisa. Kwetu bado tunapita njia ndefu, ya kupanda ngazi kidato kwa kidato, na karatasi zako zilirudi kwa sababu zilirushwa juu bila kukanyaga vidato vya katikati.

Chukua moja ya karatasi zilizorudi, usome muhuri wa wakili kwa utulivu. Utakuta maneno yanayosema kwamba hii ni nakala sahihi ya hati halisi aliyoonyeshwa, kisha jina lake, saini na tarehe. Soma tena. Wakili hajasema wewe ni binti wa marehemu. Hajasema hata kwamba cheti chenyewe ni cha kweli. Amesema kivuli kinafanana na karatasi uliyomwekea mezani, basi. Kwa matumizi ya hapa nyumbani hilo linatosha, kwa sababu ukiomba kazi Manispaa au ukifungua akaunti benki pale Mwanga, mwenye shaka anaweza kumpigia simu wakili huyo au kukuambia ulete cheti chenyewe. Hakimu wa Muscat hawezi. Hamjui wakili wa Kigoma, hana daftari la kumtafutia, na saini yake kwake ni mchoro wa kalamu tu.

Ngazi ilijengwa kwa ajili hiyo. Ofisi iliyotoa hati, kwa upande wenu RITA (wakala wa serikali wa kusajili vizazi, vifo na ndoa) kwa vyeti na Mahakama kwa mirathi, inaithibitisha hati yake yenyewe. Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki inazo sampuli za saini na mihuri ya maofisa wa taasisi hizo, hivyo inalinganisha na kugonga wa kwake. Ubalozi wa Oman ulioko Dar es Salaam unazijua saini za maofisa wa Wizara, nao unagonga wa kwake. Karatasi ikifika Muscat, Wizara ya Mambo ya Nje ya Oman inaijua saini ya ubalozi wake. Kila mmoja anamtolea ushahidi aliye chini yake tu. Hakuna hata mmoja kati yao anayethibitisha kwamba yaliyoandikwa ndani ni kweli. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu watu wengi, tena wasomi, huamini kwamba muhuri wa ubalozi unatakasa kila kitu. Jina lililokosewa chini litapanda na kosa lake mpaka juu, likiwa limezungukwa na mihuri mizuri ya rangi.

Na majina ndiyo nataka tukae nayo kidogo. Miaka michache iliyopita nilisimamia karatasi za familia moja kutoka Kigoma hadi ubalozini. Kila kidato nilikikanyaga, kila stakabadhi niliitunza. Baada ya miezi minne karatasi zikarudi. Vyeti vya watoto viliandika baba yao ni Hamisi Juma. Kadi yake ya ukaazi ya Oman ilisema Khamis, likafuata jina la baba yake, la babu, na mwisho jina la ukoo ambalo huku nyumbani hakuna aliyewahi kulitumia. Kosa lilikuwa langu. Nilihesabu mihuri, sikusoma majina. Ile familia ilirudi mwanzo kabisa, na mjane alikuwa anasubiri hela ya kodi ya nyumba.

Tazama linavyotokea. Mzee anazaliwa Ujiji, mtu anaandika jina lake kama anavyolisikia: Hamisi. Anakwenda Oman, karani wa kule analiandika kwa Kiarabu, kwa herufi ya kha. Siku karatasi ya Kiarabu inapogeuzwa kuwa ya Kilatini, kha hairudi kuwa h, inakuwa kh. Juma inaweza kurudi ikiwa Jumaa. Katikati wanaweka bin. Mwisho wanadai jina la ukoo au kabila, hivyo mtu wa majina mawili anageuka kuwa wa majina manne. Kwa masikio yetu ni mtu yule yule, hata mtoto wa madrasa atakuambia. Kwenye kompyuta ya benki ni watu wawili, na mmoja wao ndiye mwenye fedha.

Kwa hiyo kabla hujapanda gari kwenda popote, muombe binamu yako akupigie picha ukurasa wa picha wa pasipoti ya mzee, kadi yake ya ukaazi, na cheti cha kifo, mbele na nyuma. Jina lililo kwenye karatasi hizo ndilo fedha zimelala chini yake, kwa hiyo ndilo la kulipimia mengine yote. Kisha tandika mkekani vyeti vyenu vinne, cheti cha ndoa cha mama, hati ya usimamizi na vitambulisho vyenu vya NIDA. Andika kwenye daftari jina la baba lilivyo kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi, usisahihishe kwa kichwa. Fanya hivyo kwa jina la mama pia, na kwa tarehe za kuzaliwa.

Tofauti utakazozikuta zitaangukia mafungu mawili. Fungu la kwanza ni makosa ya uandishi, herufi imekatwa au imeongezwa, na daftari la usajili lenyewe au ushahidi mwingine wa zamani unaonyesha jina sahihi. Hayo yanarekebishwa RITA, kwa maombi na vielelezo, na cheti kipya kinatoka kikiwa safi. Fungu la pili ni pale mzee alipotumia kweli majina tofauti katika nchi mbili. Hapo RITA haiwezi kubadilisha historia ya mtu. Kinachotakiwa ni kiapo cha majina, kinacholiwa na mtu aliyemfahamu mzee toka udogoni, kama kaka yake au dada yake aliye hai, akieleza kwamba Hamisi Juma wa Ujiji na Khamis wa kadi ya Muscat ni mtu mmoja, alikuwa mwana wa nani, na aliondoka lini. Kiapo kiandikwe na namba ya pasipoti na namba ya kadi ya ukaazi ndani yake, maana namba hazina matamshi. Ni vizuri zaidi ukirudi mahakamani ukaomba hati ya usimamizi itaje majina yote mawili ya marehemu, kwa maneno ya aliyejulikana pia kama. Karatasi moja ya mahakama yenye majina yote mawili ina nguvu kuliko viapo vitatu.

Utakutana na mtu atakayekushauri ufanye hati ya kubadili jina. Mkatalie. Hati ile ni ya mtu aliye hai anayebadili jina lake mwenyewe. Wewe huwezi kumbadilishia jina marehemu baba yako, na ukijibadilishia lako ili lifanane na la kadi yake, utaharibu vyeti vyako vya shule na NIDA yako kwa pamoja.

Tuje kwenye vyeti vya kuzaliwa. Cheti ni dondoo ya daftari, si daftari. Vile vya mkono viliandikwa na msajili wa wilaya akinakili kutoka kwenye ingizo lililomo kitabuni, na kuna vyeti vizuri kabisa vilivyoandikwa kwa wino wa bluu ambavyo ingizo lake, ukilitafuta, halionekani. Ni bora ulijue hilo hapa Kigoma kuliko kuambiwa ukiwa umeshalipia lodji Dar es Salaam. Nendeni dawati la RITA kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, mwombe kubadilisha vyeti vya zamani kuwa vile vinavyochapwa kwa kompyuta. Maombi yanapita pia kwenye mfumo wa eRITA mtandaoni. Kama kuna mmoja wenu aliyewahi kuomba mkopo wa elimu ya juu, anaujua uhakiki wa RITA, lakini asidhani ule ndio huu. Uhakiki wa mkopo unajibu Bodi ya Mikopo tu. Mnapofika waambieni wazi kwamba vyeti vinakwenda kutumika Oman, ili vithibitishwe na ofisa ambaye saini yake inatambuliwa Wizarani.

Hicho ulichokipiga laminesheni kiache kama kilivyo, ombeni kingine. Nimeshaona watu wakijaribu kuibandua kwa pasi ya moto na taulo, karatasi ikatoka na ngozi ya juu pamoja na maandishi. Wizara na ubalozi wanagonga juu ya karatasi yenyewe, mara nyingi kwa nyuma, na wino haushiki kwenye plastiki. Pia mwenye kukagua anataka kuishika karatasi, kuitazama kwenye mwanga, kuona muhuri ulivyozama. Plastiki inamnyima yote hayo. Vipya vikitoka vitieni kwenye bahasha ngumu, msivipige laminesheni hata siku moja.

Cha mdogo wenu aliyezaliwa Unguja kina njia yake. RITA ni ya Tanzania Bara. Vizazi vya Zanzibar viko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, na huko ndiko kithibitishwe kwanza. Mkikipeleka RITA Kigoma watawaambia hawana daftari lake, na watakuwa wamesema kweli. Kuanzia kidato cha Wizara mambo yanaungana, kwa sababu mambo ya nje ni ya Muungano.

Cheti cha ndoa cha mama nacho kitazame vizuri. Wengi wa mama zetu wa Ujiji wana cheti alichowaandikia shehe siku ya ndoa, na wanakitunza ndani ya sanduku na kanga. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, shehe aliyepewa leseni ya kufungisha ndoa ni msajili, na kumbukumbu za ndoa zinatakiwa ziishie kwa Msajili Mkuu, yaani RITA. Swali ni kama ya mama ilifika. Ikiwa imo, omba cheti chake RITA. Ikiwa haimo, anzeni usajili wake sasa, mkiwa na shahidi mmoja au wawili waliohudhuria, kabla umri haujawachukua. Barua ya shehe au mgawanyo wa mafungu ulioandikwa na kadhi ni muhimu kwenu kidini, wala siupunguzii heshima, lakini si hati ya serikali, na Wizara haina sampuli ya saini hiyo.

Hati ya usimamizi sasa. Nakala yake isithibitishwe na wakili, ithibitishwe na mahakama iliyoitoa. Hapo kuna ugumu mmoja. Mahakama za Mwanzo ziko mamia nchini, na si rahisi saini ya hakimu wa kila moja ikutwe Wizarani. Mpande kwanza hadi Mahakama Kuu hapa hapa Kigoma, mumuone Naibu Msajili, mmwombe athibitishe kwamba hati hiyo imetolewa na mahakama halali na aliyesaini ni hakimu wake. Ni huko huko mtakakopeleka kile kiapo cha majina, kwa sababu orodha ya mawakili wa Tanzania Bara iko mikononi mwa Msajili wa Mahakama Kuu. Yeye ndiye anayeweza kusema kwamba wakili aliyeshuhudia kiapo ni wakili kweli. Wakili wako wa mwanzo hakuwa na kosa. Alisimamishwa kwenye kidato ambacho si chake.

Na hapa nikuambie jambo ambalo binamu yako pengine hajaambiwa. Hati ya Ujiji haiwezi kuiamuru benki ya Muscat. Mahakama yetu imekupa mamlaka juu ya mali iliyo hapa. Mali iliyo Oman iko chini ya mahakama ya Oman, na marehemu akiwa Mwislamu mahakama hiyo hutoa hati yake yenyewe inayotaja warithi ni nani, kwa mujibu wa sheria yao ya hali ya mtu binafsi. Karatasi zenu zinakwenda kule kama ushahidi wa nani ni mke, nani ni mtoto, na nani anawasemea. Kwa hiyo wazazi wa marehemu kama wako hai watajwe. Na kama nyinyi wanne ni mabinti watupu, ndugu wa marehemu wanaingia kwenye hesabu, msiwafiche. Mrithi aliyefichwa akijitokeza baadaye, zoezi zima linasimama, na aliyeficha anaweza kujikuta na kesi.

Kwa sababu hiyo, kabla ya yote binamu yako aende mahakamani, benki na kwa mwajiri, awaombe waandike wanachotaka. Awalete kwenye maandishi, hata kama ni barua pepe ya mistari mitatu. Inawezekana kabisa kitakachohitajika zaidi kuliko hati ya usimamizi ni hati ya uwakilishi, ambayo nyinyi warithi mnampa yeye idhini ya kusimama mbele ya mahakama na benki kwa niaba yenu. Mkiiandika, iandikeni nyembamba. Itaje benki kwa jina, mwajiri kwa jina, akaunti ambamo fedha zitaingia, na isiseme neno juu ya kuuza au kukopa. Nampa binamu yako heshima yake yote, lakini hati pana ni mlango ulioachwa wazi, na mimi nimeshashuhudia ndugu wa damu wakitengana kwa mlango huo. Kila mrithi mtu mzima asaini mbele ya wakili, kisha ipande njia ile ile ya Mahakama Kuu, Wizara, ubalozi.

Kuhusu lugha: karatasi za Mahakama ya Mwanzo ni za Kiswahili. Zipelekwe kutafsiriwa kwa Kiingereza kabla hazijafika ubalozini, na BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, wanafanya kazi hiyo na kuigonga muhuri wao. Tafsiri ya Kiarabu mimi hupendelea ifanywe mwisho, Muscat, na mfasiri mwenye leseni ya huko. Mfasiri wa mwisho anatafsiri pia mihuri iliyogongwa, na mahakama ya huko inamtambua.

Cheti cha kifo kinasafiri kinyume chake. Mlitumia nini kufungua mirathi Ujiji? Kama mlionyesha picha ya WhatsApp na hakimu akaridhika na ushahidi wa wanafamilia, sawa, lakini ndugu mwenye hasira anaweza kuja kuipinga. Cheti cha Oman kikitakiwa kutumika hapa, kigongwe na Wizara ya Mambo ya Nje ya Oman, kisha na ubalozi wetu wa Tanzania ulioko Muscat. Wakimwambia binamu yako kwamba apostili inatosha, awaeleze kwamba kinakwenda Tanzania, nchi isiyokuwemo. Kikiwa cha Kiarabu, kitafsiriwe. Aombe nakala mbili au tatu rasmi kwa mpigo mmoja, maana mtazihitaji tena siku ya kugawana kiwanja.

Safari yenyewe iwe moja. Maliza yote ya Kigoma kwanza, RITA na Mahakama Kuu, hata kama yatachukua wiki kadhaa. Makao makuu ya Wizara yako Mtumba, Dodoma, lakini Wizara ina ofisi pia Dar es Salaam, na kwa kuwa ubalozi uko Dar es Salaam, kwa mtu wa Kigoma inakuwa nafuu kumalizia yote huko. Ukiondoka uwe na hati halisi zilizothibitishwa, vivuli viwili vya kila moja, NIDA yako na hati yako ya usimamizi. Baada ya kila kidato piga picha karatasi mbele na nyuma kabla hujaitia mfukoni.

Malipo ya serikali yanalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, yenye tarakimu 12, inayoanza na 99. Ukilipia kwa simu, kabla hujathibitisha, litatokea jina la taasisi. Lisome. Likitokea jina la mtu, au ukiambiwa utume kwenye namba ya simu kwa sababu mfumo uko chini, ondoka dirishani. Ada ya ubalozi ni kitu kingine, lipa kwao wenyewe na udai stakabadhi. Hiyo laki nne na nusu aliyokutajia kishoka igeuze nauli, chakula na malazi yako.

Ikiwa kweli huwezi kusafiri, mtume mmoja wa wale wadogo zako na barua ya idhini yako, na kama hati lazima zitangulie, zitume kwa EMS ya Posta zenye namba ya kufuatilia, usizitie kwenye kisanduku cha kondakta. Cheti kikipotea njiani, utaanza na ripoti ya polisi na safari ya RITA upya.

Wiki hii basi, mpigie binamu yako akuletee zile picha na barua ya wanachotaka. Zikifika, fanya ile kazi ya mkekani na daftari. Ukikuta tofauti usiyojua iangukie fungu gani, niandikie jina lilivyo kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi, pamoja na mwaka karatasi ilipotolewa, nami nitakujibu kabla hujalipia chochote.